Msiba Usio na Muziki



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia hisia katika tamthilia za televisheni. Nitazungumza kama mpenzi wa tamthilia, mtu anayezitazama, anayezirudia, na anayebishana juu yake na marafiki hadi usiku wa manane. Neno langu ni moja. Tamthilia ya televisheni, hata ya vijana, hata yenye mashetani na wanyonya damu, inaweza kuubeba msiba kwa uzito uleule tunaousifu katika riwaya na tenzi. Inapoubeba sawasawa huwa imefanya mambo mawili: imetupa miaka ya kuzoeana na watu wake, na siku ya huzuni imekataa kutusaidia kulia.

Nitakaa zaidi kwenye mfano mmoja, kwa sababu katika yote niliyotazama sijauona unaoupita.

Tarehe 27 Februari 2001, kituo cha The WB cha Marekani kilirusha sehemu ya 16 ya msimu wa tano wa Buffy the Vampire Slayer. Sehemu hiyo inaitwa The Body. Kwa asiyeijua tamthilia hii, ilianza Machi 1997, na inamhusu msichana wa shule, Buffy Summers, aliyeigizwa na Sarah Michelle Gellar. Anaishi Sunnydale, mji wa kubuniwa katika jimbo la California, na ameteuliwa kupambana na wanyonya damu na kila aina ya zimwi. Ni hadithi ya mapigano na mapenzi ya ujana, yenye mizaha mingi. Watu hufa ndani yake karibu kila wiki. Mnyonya damu akichomwa kipande cha mti moyoni hugeuka vumbi, na watu huendelea na maneno yao. Kifo pale ni jambo la kazi.

Buffy ana mama, Joyce, aliyeigizwa na Kristine Sutherland. Joyce yumo tangu sehemu ya kwanza kabisa. Misimu miwili ya mwanzo hajui binti yake anakwenda wapi usiku. Anafoka, anasamehe, anapika, anaogopa, na mwishowe anaujua ukweli na kujifunza kuishi nao. Katika msimu wa tano anaugua uvimbe kwenye ubongo, anafanyiwa upasuaji, anapona. Sisi watazamaji tukashusha pumzi. Kisha siku moja ya kawaida, mchana, Buffy anarudi nyumbani, anakuta mama ameletewa maua na rafiki mpya wa kiume, anaita kwa furaha kutoka ukumbini, hajibiwi, anageuka, na kumwona mama yake amelala kwenye kochi, macho wazi.

Hakuna zimwi lililomuua. Ni mshipa uliopasuka kichwani. Kwa karibu miaka minne tumefundishwa kwamba binti huyu anaweza kumshinda adui yeyote anayekuja na meno na makucha, na sasa hakuna wa kupigana naye.

Yanayofuata yamenikaa kifuani kuliko riwaya nyingi nilizosoma. Sehemu nzima, kando ya wimbo wa utambulisho, haina muziki wa kusindikiza. Hakuna kinanda cha kutuambia sasa huzunika, wala fidla ya kutuandaa kwa pigo. Tunasikia viatu sakafuni, pumzi, simu. Kamera inamfuata Buffy kwa muda mrefu bila kukatwa, anavyozunguka sebuleni, anavyomtikisa mama, anavyokimbilia simu na kurudi. Anapiga namba ya dharura na kumwambia mpokeaji kwamba ni wa baridi. Mpokeaji anauliza kama ni mwili ndio wenye baridi. Buffy anamkatalia: ni mama yake. Anajaribu kumpulizia pumzi na kumbana kifua, na ubavu unavunjika chini ya mikono yake, kwa sababu ana nguvu zisizo za kawaida na nguvu hizo hapa hazina kazi. Kabla wahudumu wa gari la wagonjwa hawajaingia, anaivuta sketi ya mama yake ishuke, imsitiri.

Ile sketi! Nani alifikiria kuiweka? Hakuna hotuba ya mapenzi ya mtoto kwa mzazi iliyoandikwa ambayo ningeibadilisha na kitendo hicho cha sekunde mbili. Binti hajakubali bado kwamba mama amekufa, lakini mkono wake umekwisha kujua kwamba wageni wanakuja na mama hawezi tena kujisitiri mwenyewe.

Wahudumu wanajaribu na kushindwa. Kwa nukta chache tunaonyeshwa Joyce anazinduka, wanampeleka hospitali, daktari anasifu muujiza, kisha tunarudishwa sebuleni bila huruma: hayo yalikuwa mawazo ya Buffy tu. Mhudumu anamweleza yaliyotokea, na kamera inamkata uso kiasi kwamba tunaona mdomo unaosema bila kuona macho, kama asikiavyo mtu aliyepatwa na mshtuko. Kisha wanaitwa kwingine, wanamwambia asubiri watakaokuja kuchukua mwili, asiusogeze, wanaondoka. Buffy anabaki peke yake. Anatapika kwenye zulia. Anafungua mlango wa nyuma, na nje siku ni nzuri, watoto wanacheza mbali, dunia haina habari. Mlezi na mwalimu wake, Giles, anapofika na kumkimbilia Joyce ili amsaidie, Buffy anampigia kelele kwamba wameambiwa wasiusogeze mwili. Anajisikia alichokisema, na anaziba mdomo. Dakika chache nyuma alimkatalia mtu wa simu neno hilohilo. Hapo ndipo mama yake amekufa, mbele yetu, ndani ya sentensi moja.

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa kuwa mtazamaji wa huku kwetu anaona kitu ambacho huenda Mmarekani hakioni. Anaona nyumba tupu. Kwetu habari ya kifo haijakauka mdomoni, majirani wamekwisha ingia. Kina mama wametandika mikeka na kufunga khanga viunoni, vijana wanasimamisha turubai, mtu fulani amechukua sufuria bila kuulizwa, mzee ametumwa kuonana na imamu au padri. Mfiwa hapewi nafasi ya kukaa peke yake na maiti huku akiitazama saa. Buffy anasubiri peke yake, na anayekuja ni mtu mmoja. Nilipoitazama sehemu hii na watu wazima wa nyumbani, swali la kwanza halikuhusu ugonjwa wala wanyonya damu. Waliuliza majirani wako wapi. Naliona swali hilo kuwa uthibitisho wa kazi nzuri. Tamthilia ya nchi nyingine, yenye desturi nyingine, iliwafanya watake kuvuka kioo waende wakakae matangani.

Mdogo wake Buffy, Dawn, yuko shuleni, katika darasa la uchoraji. Buffy anakwenda kumwambia. Wanatoka kwenda ukumbini, na sisi tunabaki darasani, nyuma ya kioo, pamoja na wanafunzi na mwalimu. Maneno hatuyasikii. Tunaona midomo, kisha tunaona mtoto anaanguka. Mtunzi mvivu angetupa mazungumzo yote, machozi kwa karibu, jina la mama likiitwa mara kumi. Huyu ametunyima, nasi tunayajaza maneno yale wenyewe, kila mtu kwa msiba anaoujua yeye.

Kisha kuna Anya. Huyu alikuwa shetani wa kisasi kwa zaidi ya miaka elfu moja kabla hajarudishwa kuwa binadamu, na katika tamthilia nzima kazi yake ni kuchekesha kwa kusema wazi mambo ambayo watu huyanyamazia. Chumbani, wakati marafiki wa Buffy wanajiandaa kwenda hospitali, Anya anauliza maswali ya ovyo kuhusu maiti, na mmoja wao, Willow, ambaye anabadilisha nguo asijue avae ipi, anamkaripia. Ndipo Anya anapopasuka. Haelewi. Jana Joyce alikuwepo, leo kuna mwili, na haelewi kwa nini asirudi tu ndani yake. Anaanza kutaja vitu vidogo ambavyo Joyce hatavifanya tena: kunywa juisi, kula mayai, kupiga miayo, kuchana nywele. Hakuna anayemwelewesha, maana hakuna anayejua. Mwigizaji, Emma Caulfield, hapambi neno hata moja. Anya ameishi miaka elfu akiua watu na hajawahi kufiwa. Mcheshi wa hadithi ndiye aliyepewa kusema lililo zito kuliko yote, na tunalipokea kwa kuwa tumemcheka miaka miwili.

Baadhi ya wapenzi wenzangu hawapendi mwisho wa sehemu hii. Dawn anaingia chumba cha maiti kumwona mama, na maiti nyingine inaamka, mnyonya damu, Buffy anapigana naye. Wanaona imeharibu. Mimi nasema ilipaswa kuwa hivyo. Mapigano yale ni mabaya kutazama, hayana muziki, hayana ufundi wa kujivunia, ni watu wawili wanagaragara sakafuni. Kazi ya binti huyu haikumpa likizo ya msiba, kama ambavyo haiwapi wengi wetu. Yakiisha, Dawn ananyoosha kidole kuelekea shavu la mama, anauliza amekwenda wapi, na picha inakatika kabla kidole hakijagusa.

Ile ilikuwa sehemu ya 94. Nataka mliweke moyoni jambo hilo. Filamu ya saa mbili ina njia nyingi za kutufanya tulie, lakini haina njia ya kutupa mama tuliyekaa naye miaka minne, mara moja kila wiki, tukiwa tumechoka na tumevua viatu. Riwaya ndefu hukaribia. Televisheni peke yake ndiyo inayoingia nyumbani kwa mtu kwa ratiba, kama ndugu, na kuzeeka pamoja naye. Ndiyo maana siwaelewi wanaoiita burudani ya kupoteza muda halafu wakasifu kitabu kinachofanya kazi hiyohiyo.

Whedon, yaani Joss Whedon, aliyeibuni tamthilia hii na kuiandika na kuiongoza sehemu hii, alimpoteza mama yake mzazi kwa kupasukiwa mshipa kichwani, kama Joyce. Alieleza kwamba alitaka kuonyesha saa zile za mwanzo, ganzi yake na hata uchovu wake, bila funzo lolote. Haki inanitaka niseme na jingine. Mwaka 2021 Charisma Carpenter, mmoja wa waigizaji wa tamthilia hiyo, alimtuhumu hadharani kwa unyanyasaji kazini, na Gellar akasema anajivunia jina la Buffy Summers lakini hataki kuhusishwa milele na jina la Whedon. Nami tangu siku hiyo nikiizungumzia The Body huanza na waigizaji. Ni miili yao na sauti zao zilizobeba mzigo ule bila kinanda.

Msije mkadhani lakini kwamba ni lazima mtunzi awe amefiwa ndipo aandike. Mwaka 1994, katika The Fresh Prince of Bel-Air, kijana Will, aliyeigizwa na Will Smith, anatembelewa na baba aliyemtelekeza miaka 14. Baba anaahidi kumchukua wasafiri pamoja, kisha anatoroka tena. Will anajigamba mbele ya mjomba wake Phil kwamba hamhitaji, anaorodhesha yote aliyojifunza bila baba, sauti inapanda, hadi anapouliza kwa nini baba yake hamtaki, na James Avery, mjomba, anamkumbatia bila kusema lolote. Kumeenea hadithi kwamba Smith alikuwa analia maisha yake mwenyewe. Si kweli. Baba yake alikuwepo, alikuwa fundi wa majokofu Philadelphia, na alimlea. Smith aliigiza. Ni uigizaji, na unastahili sifa ya uigizaji; kumtafutia baba mtoro ni kumnyang'anya ufundi wake.

Lile kumbatio lilikuwa katika tamthilia ya vichekesho, na sehemu ile ilikuwa imetuchekesha dakika chache kabla. Ndivyo ilivyokuwa pia katika M*A*S*H, tamthilia ya madaktari wa jeshi la Marekani katika vita vya Korea. Tarehe 18 Machi 1975 kamanda wao mpole, Henry Blake, anaagwa kwa vifijo, anarudi kwake. Dakika za mwisho, karani Radar anaingia chumba cha upasuaji na kusoma kwamba ndege ya Henry imetunguliwa, hakuna aliyepona. Waigizaji wengi hawakuwa wamepewa ukurasa huo hadi muda wa kuupiga ulipofika. Madaktari wanaendelea kushona majeruhi, kwa kuwa majeruhi hawasubiri. Watazamaji waliandika barua za hasira. Nawaelewa, na nadhani watengenezaji walikuwa sahihi: vita havimwachi mtu kwa kuwa amekwisha kuagwa.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi baada ya Buffy umetoka kwenye kipindi cha watoto wadogo. Sesame Street ilianza 1969, na familia hiyo ndiyo iliyokuja kutuletea Kilimani Sesame hapa Tanzania. Tangu mwanzo mwenye duka la mtaani alikuwa Bwana Hooper, aliyeigizwa na Will Lee. Desemba 1982 Will Lee akafariki. Watengenezaji wangeweza kusema Bwana Hooper amestaafu, amehamia mbali. Wangeweza kumtafuta mwigizaji mwingine, na watoto wengi wasingeshtuka sana. Waliamua kuwaambia watoto ukweli, wakashauriana na wataalamu wa saikolojia ya watoto, na tarehe 24 Novemba 1983, siku ya sikukuu ya Shukrani ambayo wazazi wengi Marekani huwa nyumbani, wakairusha.

Big Bird, lile dege kubwa la manjano lenye akili za mtoto wa miaka sita, amewachora rafiki zake wote. Anawagawia picha, kila mtu anafurahi. Inabaki moja, ya Bwana Hooper, na anasema atampa akirudi. Watu wazima wanatazamana. Mmoja wao, Maria, anamkumbusha kwamba Bwana Hooper amekufa. Ndiyo, anasema Big Bird, atampa akirudi. Susan anamweleza kwamba mtu akifa harudi. Hapo dege lile linaanza kuuliza maswali ambayo mtoto yeyote angeuliza: nani atamtengenezea kinywaji chake, nani atamsimulia hadithi? Wanamjibu kwamba watamtunza wao, ila haitakuwa kama zamani. Anauliza kwa nini iwe hivi, na Gordon hana sababu ya kumpa. Anamwambia ni kwa kuwa ndivyo ilivyo, basi.

Tazameni ujasiri wake. Wangeweza kumpa mtoto mbingu, malaika, usingizi mrefu. Kila nyumba ingemwambia mtoto wake kadiri ya imani yake, na hilo walilijua, kwa hiyo wakakaa kwenye lile ambalo wote wanalo: harudi, tunamkumbuka, tutakutunza. Waigizaji wale walimpenda Will Lee, na machozi mnayoyaona machoni mwao ni yao. Hakuna aliyeyaficha, na hakuna aliyeyatia chumvi. Ile picha ya Bwana Hooper, aliyoichora kwa mkono wake Caroll Spinney aliyekuwa ndani ya vazi la Big Bird, ilitundikwa juu ya kiota cha dege lile, ikawa ya kudumu.

Sasa nije kwetu, maana sikuja hapa kusifu za watu tu. Nani atasema hatuwapendi waigizaji wetu kwa kina hicho? Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliojaa Leaders Club Kinondoni kumuaga ulitosha kuwajibu wote wanaodhani sinema ni mchezo. Watu wale walimlilia mtu waliyemjua kupitia kioo. Upendo upo tayari, na watazamaji wapo tayari. Lakini ninapotazama misiba katika tamthilia zetu nyingi, naona hatuaminiwi. Simu inalia, muziki unaanza kabla aliyepokea hajafungua mdomo. Mama anapiga yowe, kamera inamkimbilia usoni, inakwenda kwa mwingine naye analia, inarudi. Muziki unapanda hadi maneno hayasikiki. Sehemu ijayo marehemu ameshasahauliwa, watu wanagombania urithi.

Najua bajeti ni ndogo, na sehemu nyingi hupigwa kwa siku chache. Nawaheshimu wanaofanya kazi hiyo katika hali hiyo. Lakini katika mambo niliyoyasifu leo, mengi hayakuhitaji fedha. Ukimya ni bure. Sketi inayoshushwa ni bure. Kumwacha mtu nyuma ya kioo tusimsikie ni bure. Kumkumbuka marehemu sehemu kumi baadaye, mtu anapokuta kikombe chake kabatini, kunahitaji mwandishi tu anayekumbuka. Tena sisi tunao utajiri ambao Sunnydale haikuwa nao: nyumba inayojaa watu, jirani aliyegombana na marehemu anakuja na unga, mtoto anatumwatumwa ili asiulize maswali, mfiwa anasubiri wote waondoke baada ya arobaini ndipo alie. Hayo yote yanatokea kila wiki mitaani mwetu, na ni machache yameingia kwenye kioo kama yalivyo.

Ombi langu nalielekeza kwa vijana mliomo humu ndani mnaoandika, mnaoongoza, mnaohariri. Mkimuua mtu katika hadithi yenu, kwanza hakikisheni tumemjua. Mpeni miezi, mpeni chakula anachokipenda na ugomvi anaourudia. Kisha siku ya kufa kwake zimeni kinanda, acheni kamera itulie, mwigizaji apumue. Dakika tatu tu. Msituogope sisi tuliokaa sebuleni. Tutajua wenyewe pa kulia.